Alama saba za kupanda divisheni: kumsaidia mwanafunzi wa sekondari na kumzoesha kuuliza

Ripoti ya muhula ikifika nyumbani, macho ya mzazi hukimbilia nafasi: wa 87 kati ya 142. Baada ya hapo ni ukali au ukimya, na ripoti inarudi kabatini. Lakini nafasi haimwambii mtoto aanzie wapi Jumatatu. Inategemea wenzake 141 walifanyaje, na juu ya hao yeye hana uwezo wowote. Naomba mzazi aizibe nafasi kwa kidole gumba, kisha asome alama za kila somo akilinganisha na mipaka ya Baraza la Mitihani la Tanzania.

Kwa kidato cha nne mipaka ni hii: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. A hupewa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi zake zikajumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na 34 au 35 ni ziro.

Sasa tumchukue mwanafunzi wa mfano. Kiswahili ana 58, Kiingereza 44, Jiografia 43, Historia 41, Biolojia 34, Kemia 31, Hisabati 14. Ana C moja, D tano na F moja, yaani pointi 28: divisheni ya nne. Nyumbani ataitwa mzembe, na yeye mwenyewe atakubali. Angalia tena. Kiingereza kimepungukiwa alama 1 kufikia C, Jiografia 2, Historia 4. Jumla ni alama saba. Akizipata, ana C nne, D mbili na F moja: pointi 25, divisheni ya tatu, na ametimiza masharti ya msingi ya kuchaguliwa kidato cha tano, ambayo ni C au zaidi katika masomo matatu na pointi zisizozidi 25.

Sisemi Hisabati iachwe, nitairudia. Wala alama za shule si alama za Baraza, kwa kuwa kuna mwalimu anayebana na kuna anayeachia. Anayekaa mpakani kabisa anaweza kuteleza siku ya mtihani, kwa hiyo alenge 52 au 53, asilenge 45. Ninachotaka mzazi na mwanafunzi wakione ni kwamba umbali unapimika. Mtoto aliyezoea kusikia "ongeza bidii" hajui bidii hiyo aiweke wapi. Aliyeambiwa "tunatafuta alama tisa za Jiografia kabla ya mtihani wa nusu muhula" anaweza kuuliza zitatoka kwenye mada gani. Na mwanafunzi akishakuwa na swali la namna hiyo, kumsaidia kunakuwa rahisi.

Karatasi iliyosahihishwa ina thamani kuliko ripoti

Ombeni karatasi za majibu zirudishwe. Shule nyingi huzirudisha, ila mwanafunzi akiona wekundu huikunja karatasi na kuichimbia chini ya begi. Hapo ndipo tunapopoteza kila kitu. Kaa naye meza moja na kalamu, mpitie kila swali lililokatwa, na pembeni yake aandike sababu. Sababu zenyewe si nyingi. Ama hakuijua mada kabisa. Ama aliijua lakini hakuelewa swali linataka nini. Ama alielewa lakini jibu lilikuwa fupi au halina mpangilio. Ama muda ulimwishia au alikosea kunakili namba. Kila moja ina dawa yake. Kumpa masaa mengine mawili ya kusoma notisi mtoto ambaye tatizo lake ni kutoelewa swali ni kumchosha bure.

Sababu ya pili ndiyo inayowaangusha wengi wa shule za kata, na haizungumzwi vya kutosha. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, halafu kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Kozi ya wiki chache za mwanzo haitoshi kuziba pengo hilo. Anaingia kidato cha pili akiwa amekariri sentensi nzimanzima. Swali likija kwa maneno aliyoyaona kwenye notisi, anamwaga alichokariri; likigeuzwa kidogo, anaduwaa. Anaulizwa tofauti kati ya mvuke na unyevu, anaandika maana ya mvuke. Anaambiwa ataje, anaeleza kurasa mbili na muda unakwisha. Anaambiwa aeleze, anataja maneno manne na kupata nusu ya alama au chini yake.

Dawa ni daftari dogo la maneno, la mfukoni, moja kwa masomo yote. Maneno matano kwa siku ya shule: matatu ya masomo na mawili ya amri za mtihani, kama "outline", "distinguish", "account for". Kila neno lipate maana yake kwa Kiswahili na sentensi moja aliyoitunga mwenyewe. Akinakili sentensi ya kitabu, zoezi limekufa. Jumamosi mtu yeyote nyumbani, hata mdogo wake wa darasa la sita, amtajie maana kwa Kiswahili na yeye aseme neno. Maneno 25 kwa wiki si mengi, lakini baada ya wiki kumi ana 250, na hayo ndiyo yanayojirudia katika mitihani mwaka hadi mwaka.

Walimu na wanafunzi wa vidato vya juu wapitie pia tovuti ya Baraza. Licha ya mitihani iliyopita na fomati za kila somo, huwa kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo: swali gani liliwashinda wengi, kwa nini, pamoja na mfano wa jibu zuri na jibu baya. Wanafunzi wengi wana lundo la pasti pepa na hawajawahi kuona taarifa hata moja ya hizi, ilhali humo ndimo wangejua msahihishaji alikuwa anatafuta nini.

Kwa nini hawaulizi

Mwalimu anamaliza kipindi, anauliza, "Mmeelewa?" Darasa la watoto 70 linajibu kwa sauti moja, "Ndiyooo!" Kila mtu anajua kwamba jibu hilo halina maana, na bado swali linaulizwa kesho yake.

Kunyamaza kwa mwanafunzi kuna sababu anazoziona kwa macho yake. Aliyeuliza jana alichekwa. Aliyeuliza juzi alijibiwa, "Hilo nimeshafundisha, ulikuwa wapi?" Shuleni kuna sheria ya kuongea Kiingereza tu, kwa hiyo kabla ya kuuliza Kemia lazima kwanza afaulu mtihani wa kutunga sentensi ya Kiingereza mbele ya wenzake 69. Na pale ambapo alama ndogo hulipwa kwa fimbo, kusema "sijaelewa" ni kujitoa mwenyewe. Hapa niseme wazi: kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinazungumzia makosa makubwa ya nidhamu, viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kupata 14 ya Hisabati si kosa la nidhamu. Mwalimu anayechapa kwa sababu ya alama anajikatia njia ya pekee ya kujua ni wapi darasa lake limekwama.

Sababu nyingine ni kubwa zaidi ya zote: mwanafunzi hajui aulize nini. Ukimwambia "uliza usipoelewa", ambaye hajaelewa chochote hana pa kushika. Anayeuliza sana darasani ni yule aliyeelewa robo tatu. Kwa hiyo kuuliza kunafundishwa, kama kinavyofundishwa kitu kingine chochote.

Mwalimu anaweza kuanza na hili, ambalo halina gharama. Dakika tano kabla ya kengele, kila mwanafunzi achane robo karatasi na kuandika jambo moja ambalo hakulielewa, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila jina. Karatasi zikusanywe na kiranja. Jioni mwalimu azipange kwa mafungu. Atakuta maswali 70 yanaangukia mafungu manne au matano. Kipindi kinachofuata aanze na matatu yaliyojirudia zaidi, kwa dakika kumi. Linaloharibu mpango huu ni mwalimu kusoma karatasi moja kwa kejeli, au kukusanya kisha asijibu. Likitokea mara moja tu, wiki inayofuata atapata karatasi zilizoandikwa "nimeelewa vyote".

Na badala ya "Mmeelewa?", aulize, "Hatua ya ngapi imekuwa ngumu?" Mtoto anaweza kujibu "ya tatu" bila kujieleza, na tayari ameuliza. Akiuliza kwa Kiswahili, ajibiwe kwa Kiswahili, kisha mwalimu arudie jibu hilo kwa Kiingereza cha mtihani na kuliandika ubaoni. Kwa njia hiyo Kiingereza chenyewe kinafundishwa.

Namna ya kuuliza ukasaidiwa

Hapa nasema na wewe mwanafunzi. Usiende kwa mwalimu na "sielewi Fizikia". Hata mwalimu mwenye huruma atashindwa kukusaidia, kwa sababu Fizikia ni vitabu vinne. Nenda na daftari lililofunguliwa, lenye jaribio lako, hata kama limekosewa. Sema mambo matatu: swali lenyewe, ulichofanya, na mahali ulipokwama. Kwa mfano: "Shikamoo mwalimu. Samahani, naomba dakika kumi. Ni swali la 4(b) la mtihani wa Hisabati wa juzi. Nimetafuta mwinuko nikapata 2, lakini nikiandika mlinganyo wa mstari sijui namba ya mwisho inatoka wapi." Mwalimu akisikia hivyo anajua ndani ya sekunde kumi tatizo liko wapi, na huwa anafurahi, maana umemheshimu kwa kujaribu kwanza.

Chagua muda. Akitoka kipindi kimoja anakimbilia kingine, atakujibu kwa haraka na wewe utadhani amekukasirikia. Muulize mapema, "Mwalimu, naweza kuja baada ya chakula?" Akikuelekeza, usitikise kichwa tu. Funika alichokuandikia, fanya tena mbele yake kuanzia mwanzo. Siku mbili baadaye fanya swali la aina hiyo peke yako, ukikwama, rudi. Kurudi mara ya pili kwa jambo lilelile si usumbufu.

Nendeni wawili au watatu, na msaada uombwe mahali pa wazi: ofisi ya walimu, darasani, maktaba. Msiende nyumbani kwa mwalimu wala kwenye chumba kilichofungwa. Mwalimu, mkufunzi wa tuisheni au mwanafunzi mkubwa akianza kutaka kitu kingine kwa malipo ya msaada au ya alama, huo ni unyanyasaji. Mwambie matroni, patroni, mwalimu wa unasihi au mtu mzima nyumbani unayemwamini. Namba ya Simu kwa Mtoto ni 116, na kupiga ni bure.

Kuhusu diskasheni: kundi la wanne au watano linatosha. Wakifika wanane, watatu wanafundishana na watano wanapiga soga. Kosa la kawaida ni yule anayejua kushika chaki muda wote huku wengine wakinakili. Jioni inaisha yeye ameelewa zaidi na wao wana daftari safi tu. Chaki ishikwe na anayekwama, anayejua akae na aruhusiwe kuuliza tu: "Kwa nini umezidisha hapo?"

Hisabati, kwa urefu kidogo

Hili ndilo somo linalowaangusha watahiniwa wengi zaidi, mwaka baada ya mwaka. Mtihani wa kidato cha nne una maswali 14, yote ya lazima: kumi ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya sehemu B yenye alama 10 kila moja. D ni alama 30. Maana yake mwenye 14 hahitaji silabasi nzima. Anahitaji kumudu mada chache hadi mwisho, huku akiokota alama za hatua kwenye nyingine, kwa kuwa njia sahihi hupewa alama hata jibu la mwisho likikosewa. Seti, takwimu, uwiano, mfuatano wa namba na mistari katika jometri ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko logarithimu.

Ila kabla ya hapo mpe kipimo hiki, dakika ishirini, bila kikokotoo. Toa 2/3 kwenye 3/4. Jumlisha −7 na 3. Zidisha −2 kwa −5. Tafuta x kama 2x + 5 = 11. Asilimia 15 ya 4,000 ni ngapi? Fungua mabano ya (x + 3)². Ongeza mengine manne ya aina hiyo yafike kumi. Soma makosa yenyewe, usihesabu vema na kosa tu. Aliyeandika kwamba 3/4 toa 2/3 ni 1/1 ametoa juu kwa juu na chini kwa chini. Sehemu za shule ya msingi hazijakaa. Aliyeandika x² + 9 hajui kwamba mabano yanazidishwa yote. Akikosa zaidi ya matatu, wiki mbili zinazofuata ni za misingi hiyo tu, dakika ishirini kila siku, maswali sita kwa siku. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ataona aibu kufanya sehemu za darasa la tano. Afanye nyumbani, mbali na wenzake, na asimamiwe na mtu asiyemcheka. Ukiruka hatua hii na kumrundikia matrisi, atakosa matrisi kwa sababu ya −7 na 3.

Nyumbani

Mzazi asiyejua Kiingereza, au aliyeishia darasa la saba, ana kazi kubwa ya kufanya. Amwambie mtoto, "Nifundishe mlichosoma leo." Asikilize, aulize "kwa nini" pale asipoelewa. Mtoto anayeshindwa kumweleza mama yake kwa Kiswahili chanzo cha mvua hajaelewa, hata kama anaweza kukariri ukurasa. Hilo likigundulika, swali la kesho la kumpelekea mwalimu limeshapatikana.

Kinachofuata ni muda. Mtoto wa kutwa anayetembea saa nzima, akifika achote maji, apike na kuogesha wadogo zake, anafungua daftari saa nne usiku akiwa amekwisha. Mara nyingi ni wa kike, na kaka yake wa umri uleule yuko nje anacheza. Gawanyeni kazi. Dakika 90 zisizoguswa, jua likiwa bado lipo au taa ikiwa na mwanga wa kutosha, zinazidi masaa matatu ya kusinzia. Kama kuna simu ya intaneti, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada bila malipo, na Shule Direct ina notisi na maswali. Simu hiyo irudi kwa mzazi muda ukiisha.

Ukienda shuleni, usiishie kwa mkuu wa shule. Tafuta walimu wa yale masomo matatu ya mpakani, na uwaulize: mada gani imemshinda, anakosea kwa namna gani, na mimi nifuatilie nini kwa wiki nne zijazo. Andika majibu, na uache namba yako.

Tuisheni nayo ipimwe. Baada ya wiki nne fungua daftari lake la tuisheni. Ukikuta notisi mpya tu, hakuna kazi iliyosahihishwa wala kosa lililorudiwa, umelipia darasa la pili lenye shida zilezile za la kwanza.

Alama zikiporomoka ghafla

Somo moja likishuka, tafuta mada au mwalimu. Masomo yote yakishuka ndani ya muhula mmoja, usitafute kwenye vitabu. Anakula mchana? Kuna msiba, ugomvi wa wazazi, kaka anayekunywa? Kuna anayemwonea njiani? Amebeba mimba na anaogopa kusema? Tangu Novemba 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi katika shule za serikali, na wengi bado hawaambiwi hivyo. Macho pia: mkalishe nyuma ya darasa anakili mistari mitano ya ubaoni, kisha linganisha. Mtoto anayekosea herufi ubaoni na kunakili sawa kutoka kitabuni anahitaji kupimwa macho.

Kila shule inapaswa kuwa na mwalimu wa unasihi. Tatizo ni kwamba mara nyingi ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu, na hakuna mtoto atakayemfungulia moyo anayemchapa asubuhi. Wakuu wa shule watenganishe kazi hizo mbili, na wateue wawili, wa kike na wa kiume. Saa zao ziandikwe kwenye ubao wa matangazo, ili mtoto asilazimike kuomba ruhusa ya kuomba msaada.

Na kwa aliyekwisha kufanya mtihani wa mwisho akapata divisheni ya nne: ahesabu D zake. Ufaulu wa masomo manne, bila kuhesabu ya dini, ndio kiwango cha chini cha kuombea kozi nyingi za ngazi ya cheti. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA navyo vipo. Anayetaka kidato cha tano anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia masomo anayoyahitaji tu. Asichukue saba tena kwa hasira. Achukue mawili au matatu yaliyokaribia C, atafute mwalimu wa kumsahihishia kila wiki, na aanze na zile karatasi alizozikunja.